Kutembea, kukimbia, baiskeli au viungo: ukiingia Karura uanze na lipi?

Jumamosi saa moja asubuhi, foleni ya lango la Karura, msitu ulio ndani ya jiji la Nairobi, upande wa Limuru Road, huwa na watu wa kila namna. Mama amefunga leso kiunoni na kuvaa raba mpya nyeupe. Vijana watano wana fulana za rangi moja. Baba anasukuma baiskeli yake kwa mkono mmoja na ya mtoto kwa mkono wa pili. Wote wameamka mapema, wote wamelipa, na nyuso zao zina ari. Wiki tatu baadaye nikipita hapo hapo, wengi wao siwaoni tena.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Nimeingia msitu huu kwa miaka kadhaa na kila moja ya njia hizi nne nimeifanya kwa kipindi chake: nimetembea, nimekimbia, nimeendesha baiskeli, nimefanya mazoezi ya viungo kwenye nyasi na kikundi. Watu huniuliza lipi ni bora. Mimi huwauliza lipi watalirudia Jumanne ya wiki ya tatu, wakati mvua imenyesha usiku kucha, mapaja yanauma na hakuna rafiki wa kuwapigia simu. Ulinganisho huu nimeupanga kwa kuifikiria Jumanne hiyo.

Mahali penyewe kwanza

Karura ina hekta zipatazo 1,000, katikati ya mitaa ya Nairobi, ikipakana na Muthaiga, Gigiri, Runda na Kiambu Road. Limuru Road inaukata msitu: upande mmoja ndio mkubwa unaojulikana na wengi, na ng'ambo kuna Sigiria, kipande kidogo zaidi na kitulivu. Njia za ndani zinazidi kilomita 50, na kwenye makutano kuna vigingi vyenye namba. Kuna maporomoko ya maji yenye kimo cha mita kama 15, mapango yaliyowahifadhi wapiganaji wa Mau Mau, vichaka vya mianzi, na ziwa dogo la mayungiyungi. Ukiinua macho mapema asubuhi unaweza kuwaona mbega, weusi kwa weupe, waliohamishiwa hapa kutoka Kipipiri.

Mwinuko ni zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Ndugu zangu wanaotoka Mombasa au Dar es Salaam hushangaa kwa nini wanahema kwenye mlima ambao wenyeji wanaupanda wakipiga gumzo. Ni hewa nyembamba tu. Wape siku chache za kuzoea.

Na kabla sijaingia kwenye raba na gia, niseme jambo moja kwa sababu naliona kila nikipita langoni. Ardhi hii ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na miaka ya tisini sehemu zake zikagawiwa watu binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa hapa na kujeruhiwa walipokuja kupanda mti kupinga ugawaji huo. Hata msitu ulipookolewa, kwa miaka mingi mtu wa kawaida hakuthubutu kuingia, kwani wahalifu walijificha humo. Uzio, askari wa misitu, marafiki wa msitu waliochangishana fedha na walinzi waliotoka kijiji jirani cha Huruma ndio waliotufungulia njia. Kila kilomita tunayoipita kuna mtu aliyeigharamia.

Vipimo ninavyotumia

Nimepima kwa mambo matano. Mwili: kazi gani inafanyika, na nini kinaweza kuumia. Mfuko: gharama ya kuanza na ya kuendelea. Ardhi na mvua, kwa sababu udongo wa Karura una tabia zake. Usalama. Na mwisho kampani, yaani unafanya na nani na kichwa chako kinapata nini. Kalori nimeziweka ndani ya mwili, hazikustahili kichwa chao. Watu wengi huchagua zoezi kwa kalori halafu huliacha kwa sababu ya matope.

Mwili

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Namna rahisi ya kujua uko wapi ni kusikiliza sauti yako. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hiyo ni wastani. Ukitoa maneno mawili matatu kisha ukatafuta pumzi, umeingia kwenye makali.

*Kutembea* kwa kasi kunakufikisha kwenye wastani bila shida, na kwa mtu aliyekaa ofisini mwaka mzima, kupanda ngazi kutoka kwenye maporomoko kunampeleka kwenye makali bila yeye kutarajia. Mtu wa kilo 70 hutumia takriban kalori 300 kwa saa akitembea kwa bidii. Mguu ukitua unabeba uzito wa mwili na kidogo juu yake, kwa hiyo magoti hayalalamiki sana. Upungufu wake hujitokeza baadaye: mwili ukishazoea, kutembea tambarare hakuutikisi tena. Itabidi utafute vilima, au uongeze kasi, au uongeze muda.

*Kukimbia* kunatoa matokeo ya haraka kuliko yote manne kwa moyo na pumzi. Kanuni ya jumla ni kalori moja kwa kila kilo kwa kila kilomita; mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 8 atatumia karibu 560. Lakini kila hatua inatua kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wako, na hapo ndipo wanaoanza huumia. Mapafu huzoea haraka, kano na mifupa huzoea polepole. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikijisikia mwepesi, nikaruka kutoka kilomita 4 hadi 10 ndani ya wiki mbili. Maumivu yakashika muundi, ule mfupa wa mbele ya mguu, yakawa makali kiasi cha kuniamsha usiku nikigeuka kitandani. Nilikaa nje wiki sita. Anayeanza leo ningemwambia akimbie dakika moja, atembee mbili, arudie mara kumi, aende nyumbani hata kama anahisi anaweza zaidi.

*Baiskeli* inabeba uzito wako, kwa hiyo ndiyo rafiki wa magoti na wa mtu mwenye kilo nyingi. Ukipanda vilima vya Karura kwa kweli, kazi yake inalingana na ya kukimbia. Ukiteremka tu na kusukuma baiskeli kwa mkono kila penye mlima, inashuka karibu na kutembea. Mapaja na moyo vinafaidi. Mifupa haifaidi sana, kwa sababu haibebi mzigo kama inavyobeba ukitembea au kukimbia. Mwanamke aliyevuka miaka ya hedhi aliweke hilo akilini. Magoti yanayouma baada ya baiskeli mara nyingi ni kosa la kiti kuwa chini mno. Kaa kitini, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukihamisha unyayo kuja kwenye nafasi yake ya kawaida, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa.

*Mazoezi ya viungo*, yaani pushapu, kuchuchumaa na kusimama, planki, kupanda na kushuka benchi, kunyoosha viungo, yanatumia kalori chache kwa saa kuliko kukimbia. Lakini ndiyo pekee kati ya haya manne yanayotimiza sawasawa zile siku mbili za misuli. Mtu anaweza kukimbia miaka mitano na bado akashindwa kuinua mtungi wa gesi bila kuumia mgongo.

Asubuhi moja nilikaa kwenye benchi nikifunga kamba za viatu, nikamwona mama wa rika la mama yangu akishuka na kupanda pushapu kumi na mbili kamili kwenye nyasi, mgongo umenyooka kama ubao. Nilimsalimu, nikamuuliza ameanza lini. "Nilipokuja hapa, mwanangu, nilikuwa nasukuma huu mti," akauonyesha mkalitusi uliokuwa nyuma yangu. "Nasimama hatua moja nyuma, nausukuma. Mwezi wa pili nikashuka kwenye hilo benchi ulilokalia. Sasa niko chini." Mti, benchi, nyasi. Sijawahi kusikia mpango wa mazoezi ulioelezwa vizuri zaidi ya huo.

Mfuko

Kiingilio ni cha wote, na viwango vya mwananchi, mkazi na mgeni vinatofautiana, mtu mzima na mtoto pia. Malipo ni kwa simu, pesa taslimu hazipokelewi, basi hakikisha simu ina chaji na salio kabla hujashuka kwenye matatu. Matatu za Ruaka na Banana zinapita Limuru Road, na za Kiambu zinapita Kiambu Road, kwa hiyo nauli ihesabu kama sehemu ya zoezi. Mara tatu kwa wiki inakuwa pesa.

*Kutembea* hakukudai kitu zaidi ya raba zenye meno na chupa ya maji.

*Kukimbia* kunadai kiatu cha kukimbilia, na hapo usijidanganye na raba ya shule. Gikomba kuna viatu vizuri vya mitumba kwa anayejua kuangalia. Kishike kiatu mbele na nyuma ukipinde. Kikijikunja penye vidole, kiko hai. Kikijikunja katikati ya unyayo, kimechoka, kirudishe. Kisha kigeuze uangalie soli: ikiwa imeliwa upande mmoja, mwenye kiatu wa kwanza alikuwa na mwendo wake na wewe una wako.

*Baiskeli* ndiyo ghali, ila kuna njia mbili. Unaweza kukodi ndani ya msitu, na kwa anayeenda mara moja au mbili kwa mwezi hilo linatosha kabisa. Ukienda kila wiki, piga hesabu ya mwaka mzima. Huenda ukagundua umelipia baiskeli ya mitumba bila kuipata. Ukiwa na yako, weka akiba ya tairi, mpira wa breki, mnyororo na fundi. Helmeti si ya hiari kwa maoni yangu, hata kwa mwendo wa polepole.

Na unapokodi, popote pale, kagua kabla ya kulipa. Niliwahi kukodi baiskeli mahali fulani bila kuijaribu, nikagundua breki ya nyuma haishiki nikiwa nimeshaanza kuteremka. Niliishia kwenye kichaka, kiwiko kimechunika, na namshukuru Mungu kwamba hapakuwa na mtoto njiani. Tangu siku hiyo nafanya hivi: nabana breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele, gurudumu la nyuma linyanyuke, nabana ya nyuma na kuisukuma, gurudumu liburutike bila kuzunguka. Naminya tairi kwa kidole gumba. Nabadilisha gia zote nikizunguka pale pale langoni. Inachukua dakika mbili.

*Viungo* vinahitaji mkeka, au hata leso nzito. Ukijiunga na kikundi chenye mwalimu kuna ada, na mimi naiona ada hiyo kuwa ya haki kwa miezi miwili ya kwanza, kwa sababu mtu anayechuchumaa vibaya hajioni.

Ardhi na mvua

Udongo wa Karura ni mwekundu, mzito, na ukilowa unanata. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hubadilisha msitu wote, na hapa ndipo nimeona watu wengi wakikata tamaa.

Anayetembea ndiye anayeathirika kidogo kuliko wote. Anapunguza mwendo, anachagua pa kukanyaga, anafika. Fimbo husaidia.

Anayekimbia hubeba udongo. Baada ya mita mia mbili kila kiatu kimevaa kiatu kingine cha matope, na mizizi iliyo kavu salama mwezi wa Februari huteleza kama sabuni mwezi wa Aprili. Wakati huo bora kubaki kwenye barabara pana za murramu, ambazo hukauka kwanza, na kuviacha vile vijia vyembamba vya kupendeza. Kifundo cha mguu kikiteguka kilomita 4 kutoka langoni, utaijua Karura ni kubwa kiasi gani. Kwa upande mwingine, siku za kavu, ardhi hii ni zawadi. Kukanyaga majani na udongo badala ya lami, chini ya mihugu mizee, huku nyayo zikibadilika kila hatua, kunaimarisha vifundo kwa namna ambayo barabara tambarare haiwezi.

Baiskeli ndiyo inayoumia zaidi. Udongo hujaza nafasi kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na utajikuta umechutama na kijiti mkononi unakwangua. Magurudumu pia huchimba mifereji inayokauka ikiwa migumu, ikawategua watembeaji wiki inayofuata. Baada ya mvua kubwa iache baiskeli siku moja au mbili, kwa faida yako na ya wengine.

Viungo vinahitaji nyasi kavu, na Julai nyasi za Karura zina umande wa baridi hadi saa tatu asubuhi. Afadhali mazoezi ya kusimama mwezi huo, na planki zisubiri.

Kuna jambo linalowahusu wote: siafu. Baada ya mvua huvuka njia kwa msururu mweusi unaong'aa, upana wa vidole viwili, na ukisimama juu yake bila kuona, wa kwanza wanakuwa wameshapita soksi kabla hujahisi chochote. Halafu wanauma wote kwa mpigo, kana kwamba wamepewa amri. Usisimame kunyoosha misuli kabla hujatazama chini. Anayekimbia huwaruka bila kujua. Anayetembea akiongea ndiye anayesimama juu yao, na aliyelala kwenye mkeka ndiye ninayemhurumia.

Usalama

Msitu wa leo una askari na walinzi, na mchana watu ni wengi kwenye njia kuu. Hata hivyo jua la Nairobi huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima na kuzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, na ndani ya miti giza huwahi. Msitu hufungwa jioni. Anayetembea ajipe muda mrefu wa kurudi kuliko anaodhani, kwa sababu mwendo wake ni mdogo na njia ni nyingi. Nimewahi kuwaelekeza watu saa kumi na moja na nusu waliokuwa wakielekea kusiko na lango.

Ukipotea au ukiumia, tafuta kigingi cha makutano na utaje namba yake kwenye simu. Usiseme "niko karibu na mti mkubwa".

Wanawake wengi wameniambia wanapenda kukimbia peke yao lakini hawatulii kwenye vijia vya mbali. Nawaelewa, na sitamwambia mtu apuuze hisia hiyo. Kuna njia pana za kati zenye watu, na kuna vikundi vya wikendi. Baiskeli huwapa baadhi yao utulivu kwa sababu ya kasi, ila pancha ikitokea utakuwa mtembea kwa miguu mwenye mzigo. Viungo kwenye nyasi karibu na lango ndivyo vyenye macho mengi ya watu.

Ajali ninazoziona mara nyingi ni za baiskeli na watembeaji kwenye kona. Mwenye baiskeli apige kengele, apunguze mwendo, na aheshimu vibao vya njia zisizo zake. Mtembeaji asitandaze marafiki wanne njia nzima. Spika za masikioni, sikio moja libaki wazi. Mwenye mbwa afupishe kamba mtu anapopita, maana mtu anayekimbia humshtua hata mbwa mpole. Na chakula kikae ndani ya mkoba: kima wa Karura wanaijua sauti ya pakiti ya biskuti.

Kampani

Kutembea ndiyo njia pekee kati ya hizi ambapo mazungumzo ni sehemu ya zoezi. Mimi na mama yangu tumeyazungumza mambo kwenye njia ya kwenda mianzini ambayo mezani yalitushinda miaka kumi. Pengine ni kwa sababu mnatazama mbele, hamtazamani. Kama nyumbani kuna mtu mnayehitaji kusogeleana, chagua kutembea, na kalori uzisahau kabisa.

Kukimbia hukupa kitu tofauti, ukimya. Baada ya dakika ishirini hivi mawazo ya kazi huacha kupiga kelele. Ukikimbia na mtu mwenye kasi kuliko wewe, ukimya huo hupotea na mnabaki na mashindano. Tafuta wa kasi yako au kimbia peke yako.

Baiskeli ndiyo inayowaunganisha wazazi na watoto. Mtoto wa miaka minane hatatembea kilomita 6 bila kulalamika, lakini ataziendesha na kuomba nyingine.

Kikundi cha viungo kina nguvu moja ambayo nyingine hazina: watu hugundua kama hukuja. Mwalimu anauliza, mwenzako anakutumia ujumbe. Kwa mtu ambaye ari yake ni ya msimu, jicho hilo linaweza kuwa na thamani kuliko raba nzuri.

Ukijikuta katika hali hii

*Hujafanya mazoezi kwa mwaka au zaidi, au una presha au sukari.* Muone daktari kwanza, kisha tembea. Dakika 20 hadi 30, mara nne kwa wiki, hata kama baadhi ya siku ni mtaani kwako na Karura ni ya Jumamosi. Baada ya wiki sita utakuwa na msingi wa kuchagua kingine.

*Magoti yanauma au kilo ni nyingi.* Baiskeli ya kukodi siku ya kavu, kiti kikiwa kimepimwa, pamoja na kuchuchumaa nusu ukishikilia benchi. Kukimbia kusubiri. Kutembea kuwe tambarare, na ngazi za maporomoko ziachie mwezi wa tatu.

*Una dakika 45 tu kabla ya kazi.* Kukimbia, ikiwa mwili umeshakuwa tayari. Hakuna kingine kitakachokupa kazi kubwa ndani ya muda huo. Kama mwili hauko tayari, viungo karibu na lango: muda wa kutembea kwenda ndani na kurudi hautakula muda wa zoezi.

*Umevuka hamsini na bado una nguvu.* Changanya kutembea vilimani na viungo mara mbili kwa wiki. Wenzangu wengi wa umri huo hutembea kila siku na kuiacha misuli ya mikono na mgongo kabisa. Nao wanastahili kuweza kubeba wajukuu.

*Unataka kushiriki mbio za kilomita 10 au 21.* Kimbia mara tatu kwa wiki, lakini siku moja ya wiki iwe ya viungo. Mwezi wa mvua hamia kwenye barabara pana. Baiskeli itumie siku ambayo muundi au goti limeanza kunong'ona, ili moyo uendelee kufanya kazi huku miguu ikipumzika.

*Pesa ni ngumu mwezi huu.* Kutembea na viungo, na Karura iwe mara moja kwa wiki. Mti wa kusukuma upo hata nje ya uzio.

*Umefunga Ramadhani.* Kutembea polepole alasiri, kivulini, ukirudi nyumbani mapema kabla ya futari. Kukimbia na vilima vya baiskeli havifai bila maji, na msitu hautakuwa wazi usiku baada ya kula. Viungo vyepesi unaweza kuvifanya nyumbani baada ya tarawehe.

*Mko wawili na kasi zenu hazilingani.* Mmoja akimbie, mwingine aendeshe baiskeli kando yake kwenye njia pana. Mke wangu huniambia huo ndio mwendo pekee ambao tumewahi kukubaliana, na Jumanne ya mvua, wakati mmoja wetu hataki kutoka kitandani, mwingine huwa ameshatoa viatu viwili mlangoni.